Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Mzamiaji Ijulikane Botini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kumwezesha msimamizi aliye botini kujua hali ya mzamiaji kabla hajaishiwa nguvu.

Bluetooth haifai majini. Mawimbi yake ya gigahezi 2.4 humezwa na maji ya chumvi ndani ya sentimita chache, ndiyo maana mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo uliokuwa ukisoma vizuri juu hunyamaza mtu akizama. Mikanda inayotumia mawimbi ya kilohezi 5 hupenya, lakini kama mita moja tu: kutoka kifuani hadi kompyuta ya kuzamia iliyo kwenye kifundo cha mkono. Kutoka hapo hadi botini tunategemea sauti, ambayo hukimbia majini takriban mita 1,500 kwa sekunde ila hubeba taarifa chache. Kwa hiyo tunatuma namba tatu kila sekunde 10: mapigo, kina na shinikizo la mtungi wa hewa. Shinikizo likishuka haraka, mzamiaji anahema sana.

Kinachoharibu zaidi ni mwangwi. Penye maji mafupi sauti ileile hufika moja kwa moja, tena ikitoka kwenye uso wa maji, tena ikitoka chini, na namba huvurugika. Shusheni kipokezi cha sauti mita kadhaa chini ya boti kwa waya wenye chubwi, mashine ya boti ikiwa imezimwa. Kitoa sauti kifungwe chini kwenye mtungi, mbali na mapovu ya pumzi, kwani mapovu huzuia sauti.

Mkanda uvaliwe ndani ya suti, ubane ngozi isiyo na mafuta. Maji ya bahari yakipita kati ya elektrodi mbili za mkanda, yaani vipande vinavyogusa ngozi, umeme wa moyo hupotelea humo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni tumekiacha. Mishipa ya vidole husinyaa kwa baridi, nacho hukosa damu ya kusoma.

Kengele ipangwe kwa kila mtu peke yake: maji baridi usoni hupunguza mapigo, mkondo mkali huyapandisha. Ishara ikikatika sekunde 30, msimamizi avute kamba ya mzamiaji. Asipojibiwa, mzamiaji wa akiba aingie mara moja. Na mapigo mazuri hayaonyeshi naitrojeni iliyojaa mwilini, hivyo kusimama dakika 3 kwenye mita 5 wakati wa kupanda kunabaki palepale.

Kamati inaomba idhini yenu tununue kwanza oringi (pete za mpira za kuzuia maji) na mikanda ya akiba, kabla ya kipokezi cha pili. Unywele mmoja kwenye oringi unatosha kujaza maji boksi la kifaa.