Mabonanza ya ufukweni yaendelee, ila picha zina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua na mimi niseme la kwangu kuhusu haya mabonanza ya wafanyakazi ufukweni, maana huku Kigoma ikifika Jumamosi barabara ya kwenda Katonga utaona kosta zinafuatana, watu wamevaa fulana zinazofanana, spika imetolewa dirishani, masufuria yamefungwa kamba nyuma, na kuna wenzetu hapa mjini wameanza kusema eti huko ni kuchezea hela za ofisi, watu wanalipwa mshahara halafu wanaenda kuoga ziwani. Mi napinga. Yaendelee, tena yaongezwe. Kinachonikera mimi ni picha, na nitafika huko.

Wanaosema ni hasara hawajawahi kukaa kwenye ofisi ambayo mtu wa stoo na mtu wa uhasibu wanaongea kwa karatasi tu. Mhasibu wetu ukimpelekea risiti imekunjika anakurudishia bila hata kuinua macho. Siku ya bonanza huyo huyo kakunja suruali mpaka magotini, anagombana na dereva nani kakanyaga mstari kwenye kuvuta kamba, anapiga kelele mpaka sauti imekauka, na timu yake ikaburuzwa wote wakaenda chini kwenye mchanga, akainuka kajaa mchanga mpaka kwenye ndevu anadai irudiwe. Jumatatu nimempelekea risiti zangu akasema kaa kwanza, chai hiyo hapo. Sasa niambie ni semina gani ya hotelini ingefanya hivyo, na hizo semina zenyewe bei yake tunaijua.

Na Ziwa Tanganyika ni letu, lipo hapo hapo, mafuta ya kosta hayafiki hata robo tenki. Mwenzetu mmoja amehamishiwa huku kutoka Dar, kafika tu kachota maji na kiganja akaonja, akauliza mbona hayana chumvi, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, hewa safi, milima ya Kongo inaonekana kabisa ng'ambo, akaambiwa ile ni nchi nyingine akanyamaza, kisha akatoa simu. Hapo simlaumu, kuna vitu lazima utoe simu.

Halafu kuna chakula, jamani. Migebuka, samaki wa ziwa letu, imepasuliwa, imepakwa chumvi na ndimu, iko juu ya wavu, mafuta yanadondokea kwenye makaa moshi unapanda, mama mpishi anageuza kwa vidole vyake mwenyewe kama hausikii moto, pembeni kuna ugali wa muhogo na kisamvu kimeungwa mawese, na foleni hiyo hakuna cha meneja wala mlinzi. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, walioenda bichi miezi ile walikula kuku. Hawakufa, ila bonanza la Kigoma na kuku wa kisasa haliendani, wenyewe wanajua.

Sasa picha.

Huku kwetu ziwa liko magharibi ya mji. Asubuhi jua linatokea nyuma ya vilima, watu wakisimama wamelipa ziwa mgongo linawapiga usoni, sura zinang'aa, maji yanatoka bluu kweli kweli, hata simu ya laki mbili inakupa picha ya kalenda. Ikishapita saa saba mambo yanageuka, jua linahamia upande wa Kongo yaani nyuma yenu, simu inapima mwanga wa maji badala ya sura zenu, mnatoka weusi tii, mtu anajitambua kwa kofia. Hili kila mpiga picha wa mtaani kwetu Mwanga analijua na atakwambia bure. Lakini picha ya pamoja ofisini kwetu haipigwi mpaka mgeni rasmi afike, na mgeni rasmi anafika saa kumi.

Basi ndo vituko vinapoanzia. Ufukwe wenyewe siku hizi umepungua, maji yamepanda hii miaka ya karibuni yakameza mchanga, pale mlipokuwa mnafunga turubai sasa wanacheza samaki, kwa hiyo ofisi nzima inabanana kwenye kipande kidogo na bango la ofisi mbele. Mpiga picha kaona sura zote giza, akaomba tugeuke sisi tutazame ziwa yeye aingie majini, akakunja suruali, akazama mpaka mapajani kamera kaibeba juu ya kichwa. Mwanga ukawa mzuri, hilo namsifu. Ila nyuma yetu sasa yanaonekana masufuria, matairi ya kosta, na jamaa mmoja anatoka chooni anafunga mkanda, na ndiyo picha iliyowekwa kwenye fremu pale mapokezi.

Na kuna hii ya kurudi nyuma nyuma kutafuta pozi, naomba watu waisikie vizuri. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, sehemu yake ya chini kabisa ni mita 1,470, na huku pwani yetu sehemu nyingi mchanga ni kipande tu halafu mawe, unapiga hatua chache huna pa kukanyaga. Mtu hajui kuogelea, kashika simu juu anajipiga selfi anasogea kinyumenyume eti milima iingie yote. Boti ya mvuvi isingekuwa karibu siku moja tungerudi na msiba. Tuliokuwepo tunajua, na kwenye taarifa ya ofisi iliandikwa bonanza lilifana.

Hayo ni ya kucheka na kutishana, linaloniumiza ni lingine. Dada mmoja wa ofisini kwetu, mtoto wa Ujiji, anaogelea vizuri kuliko wanaume wote tuliokuwa nao, kaingia majini kwa heshima zake, gauni la kuogelea na kanga kiunoni. Wakati anatoka kanga imemgandia, mtu akampiga picha, hakumuuliza, akaweka stetasi na maneno ya kijinga chini yake. Jioni ile ile imefika kwenye grupu la harusi la mtaa, na kutoka hapo kwa mama mkwe wake. Kigoma mji mdogo Mhariri, kati ya Mwanga na Ujiji hakuna mtu usiyemjua shemeji yake, na Ujiji mambo yana stara zake. Bonanza lililofuata dada akasema ana homa, lililofuata tena akasema ana mgeni. Aliyempiga hakuulizwa kitu, na bado ndiye anayezunguka na simu kila tukienda, wanamwita mwandishi wetu.

Upande wa pili yupo mama anayetufanyia usafi. Wasichana wa mapokezi walimvuta mikono waingie naye majini, yeye anakataa huku anaingia, wimbi dogo likampiga magotini akacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, kilemba kimekaa upande, na mpiga picha wa kukodi, Mungu ambariki, akaidaka hapo hapo. Mama alivyooneshwa kwenye kioo cha kamera aliishika ile kamera kwa mikono miwili, akasema hii nitaisafisha niiweke sebuleni. Mpaka leo hajaipata. Picha ziko kwenye flashi, flashi iko kwenye droo, funguo ya droo iko na mtu ambaye kila ukimuuliza yuko safarini. Zilizotoka ni za mgeni rasmi anakata utepe wa mashindano ya kukimbia na magunia, mgeni rasmi anaonja mgebuka, mgeni rasmi anatazama ziwa kama ndo analizindua.

Yaani ya aibu imezunguka mji mzima na ya furaha imefungiwa kwenye droo. Hapo ndipo mimi naona tumekosea mahali.

Kuna wanaosema ukienda kwenye shughuli ya ofisi umeshakubali kupigwa picha, ni matangazo ya taasisi. Kwenye bango na fulana sawa, nimesimama mwenyewe nikaambiwa cheka nikacheka. Lakini mtu akiwa anaogelea, akiwa anakula mikono imejaa mawese, akiwa kalala kivulini mdomo wazi, hapo hakusimamia tangazo lolote. Na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Sura yako ni taarifa yako. Maafisa utumishi wanaotuletea fomu za kusaini hata tukiazima mwamvuli wangeanza na hili.

Na wala sio kazi kubwa. Emsii kabla hajaanza kelele zake aseme leo picha zitapigwa, asiyetaka aseme sasa au amwambie mpiga picha kwa siri, na upande ule wa miamba wanaoogelea waachwe bila simu, dada zetu wajiachie na wao. Picha ya pamoja ipigwe saa nne asubuhi jua likiwa upande wetu, wote tuwemo, mpishi na dereva na mlinzi, na mpiga picha mwenyewe ampe mtu kamera aingie, maana huyo jamaa kwenye picha zetu zote hayumo, ukizitazama baadaye utadhani tulipigwa na upepo. Mgeni rasmi akifika saa kumi apigwe ya kwake na wakubwa wenzake, kivuli cha mwembe kipo. Na kabla picha yoyote haijaenda kwenye ukurasa wa ofisi ipite kwanza kwa aliye ndani yake, siku mbili tatu zinatosha, atakayesema futa ifutwe bila kuulizwa sababu, na watu wapewe za kwao. Kusafisha picha moja pale studio sio hela ya kufanyia kikao.

Wakipenda waongeze na saa moja ya muda. Huku tuko magharibi kabisa na tunatumia saa zile zile za Dar, kwa hiyo jua letu linazama kama saa moja jioni, karibu dakika 40 baada ya lao, na ule muda maji yanageuka rangi ya mawese, mitumbwi ya dagaa kama hakuna mbalamwezi inaanza kutoka na taa zake, hapo hata asiyejua kushika kamera anapata kitu. Sisi muda huo tumeshapakiwa kwenye kosta tangu saa kumi na mbili, dereva anapiga honi, eti gari irudi ofisini kabla ya giza. Tumetoka asubuhi yote hiyo kuja kwenye ziwa halafu tunaondoka likianza kupendeza.

La mwisho ni lako wewe Mhariri, usinichukie. Mkiletewa picha za mabonanza ya huku mnaandika chini yake Mkurugenzi, wa tatu kushoto, akiwa katika picha ya pamoja na baadhi ya wafanyakazi. Hao baadhi ya wafanyakazi wana majina. Piga simu ofisini uliza, anayekubali jina lake litoke mwandike, asiyekubali mwacheni, na kama mhasibu wetu yumo, yule mwenye mchanga kwenye ndevu, yeye atakubali, nimeshamuuliza.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma
(Jina limehifadhiwa)