Uliza handaki kabla ya kuuliza bei

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga wazima. Masika imeanza vizuri, mama yako anakusalimu.

Picha ulizotuma za makazi unayotaka kununua huko Oklahoma, Marekani, nimezikuza moja moja kwenye simu mpaka macho yakauma. Hiyo RV ya mwenzako wa kazini, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ni nzuri kwa ndani, sikatai. Kitanda, jiko, choo, kila kitu kimekaa mahali pake. Lakini mimi nimeshinda na mabodi ya magari miaka 32, na jicho langu lilikwenda kwenye kona ya dari juu ya kabati, pale penye doa la rangi ya chai. Hapo maji yameshaingia. Mbao nyembamba ikinywa maji huoza kwa ndani siku nyingi kabla doa halijajitokeza. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakibonyea, mrudishie mwenyewe funguo zake, na arubuni uliyotoa uisamehe ikibidi. Hilo la arubuni tumelisikia kutoka kwa mdogo wako. Kwa nini hukutuambia wewe?

Hiyo ya pili, wanaiita nyumba ya kuhamishika, lakini kuihamisha kunataka lori, vibali na mafundi, na gharama yake ni maelfu ya dola. Kiwanja nacho si chako, utalipa kodi yake kila mwezi hata ukuta ukiwa wako. Mkataba wako wa unesi ni wa wiki 13. Hata ukiuongeza mara tatu unapata mwaka mmoja tu. Usinunue. Panga.

Na kabla ya kupanga, zunguka nje utafute kibati chekundu ukutani. Zilizojengwa kuanzia Juni 15, 1976 zinafuata sheria ya serikali yao na zina hicho kibati. Ndani kuna karatasi, mara nyingi hubandikwa kabatini jikoni au karibu na swichi kubwa ya umeme, inayoeleza nyumba ilitengenezwa kwa kanda gani ya upepo. Oklahoma yote imewekwa kanda ya kwanza, ya chini kabisa. Kanda kali wamewapa watu wa pwani. RV haimo hata kwenye sheria hiyo, maana wao wanaihesabu ni gari.

Sasa unajua ninachokiogopa. Mei 2013 kimbunga kiliua watu 24 pale Moore, hapo hapo kusini mwa Oklahoma City unakofanyia kazi. Mei 2019 kingine kikapiga mji wa El Reno, kikapita juu ya hoteli na kambi ya nyumba kama hiyo unayoitaka, wakafa wawili. Kinazunguka kama pia, na onyo lake mara nyingi ni dakika kumi na kitu tu. Ukisema RV utaivuta ukimbie nayo, nitakuuliza: nani atachomoa bomba la maji, waya wa umeme na bomba la choo, akunje miguu ya chuma, arudishe ndani kile chumba kinachochomoza ubavuni, kwa dakika kumi? Na gari la kuivuta unalo?

Kwa hiyo uliza handaki. Kambi ina handaki la kujikingia au haina? Liko hatua ngapi kutoka mlangoni kwako? Linaingiza watu wangapi, na wapangaji wako wangapi?

Ulisema ving'ora vya kuonya kimbunga hupigwa kwa majaribio kila Jumamosi saa sita mchana, na siku hizi hata hugeuki kitandani. Ulicheka uliposema hivyo. Mimi sikucheka. Unafanya zamu ya usiku, unalala mchana, na umeshazoea kulala king'ora kikilia. Nunua redio ya hali ya hewa, ile inayojiwasha yenyewe, uiweke kichwani.

Usiniambie ni ya muda. Kambi ya ujenzi wa barabara niliambiwa miezi minane, nikakaa miaka minne. Nikituma pesa nikaona nimemaliza. Usiku mmoja upepo uling'oa paa la kontena tulilolala, tukamalizia usiku chini ya greda. Sikulisema nyumbani, kwa sababu nilijua mama yako angeniambia nirudi. Ndiyo maana nikisikia "baba, usijali, kuko salama", nasikia sauti yangu.

Nesi wa hospitali kubwa Marekani, watu hapa mtaani wananisimamisha njiani kunipa hongera. Nafurahi, wallahi. Mtihani ule uliufanya peke yako, wala sikukusaidia hata kwa nauli.

Pesa ya mwezi uliopita tumenunua bati 14, upande wa jikoni umekwisha. Fundi anataka misumari ya kofia zaidi, mimi nimesema itatosha, mama yako kasema haitoshi. Nitaongeza. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Shangazi yako bado anasumbuliwa na goti.

Picha za jiko zimetosha. Nipigie picha mlango wa handaki, ukiwa umefunguliwa, nione unafungukia ndani au nje. Na muulize msimamizi wa kambi: usiku ufunguo hukaa kwa nani?

Baba yako