Barua kwa Walimu Wanaomchangia Mwenzao Arudishiwe Namba

Wanangu walimu,

Nilistaafu zamani, lakini hamjanitoa kwenye kikundi chenu cha simu, na nashukuru. Humo ndimo nilimosoma ujumbe wa mchango: kila mmoja atoe elfu moja, wakili apatikane, "ndugu yetu" arudishiwe namba yake ya usajili ya TSC, yaani Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya. Nikauliza aliipoteza kwa kosa gani. Nikajibiwa, "Mwalimu, hayo yalishapita, kesi ilikufa." Ndipo nikaona siwezi kunyamaza.

Kosa lilikuwa kumdhulumu mwanafunzi wake kimapenzi, na kesi ilikufa kwa sababu msichana huyo hakufika kortini kutoa ushahidi. Hakufika kwa sababu wazee walikaa na babake nyuma ya duka, wakakubaliana ng'ombe wawili na pesa kidogo, kisha mtoto akapelekwa kwa shangazi yake mbali. Alikuwa Kidato cha Pili. Kwenye ujumbe wenu wote sikuona aliyeuliza kama alirudi shuleni.

Sasa mnasema korti ilimwachilia, kwa hiyo Tume haina haki ya kumfuta. Hapana. Korti ya jinai hutaka ushahidi usioacha shaka. Tume hujiuliza swali lake yenyewe: je, mtu huyu anafaa kukaa na watoto? Ndiyo maana mwalimu anaweza kuachiliwa kortini na bado jina lake likaondolewa kwenye sajili ya walimu. Kumbukeni pia kwamba kufutwa kazi ni jambo moja na kufutwa kwenye sajili ni jingine. Sheria ya Tume ya mwaka 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha, iwe shule ya serikali au ya kibinafsi. Wenye shule za kibinafsi mnaowachukua watu hawa kwa sababu wanakubali mshahara mdogo, nanyi mnavunja sheria, na mnawafungulia mlango wa darasa jingine.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mlijua. Msichana alikuwa akimbebea mwalimu huyo madaftari hadi nyumbani kwake jioni, mara mbili tatu kwa wiki, akipita mbele ya dirisha la ofisi ya walimu. Mlimwona. Wengine mlicheka. Waraka wa Tume nambari 3 wa 2010 unamtaka kila mwalimu aliye na habari za mwanafunzi kudhulumiwa kimapenzi aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha anaadhibiwa pia. Mwalimu mkuu wa kwanza alimwombea mwenzenu huyo uhamisho. Wa pili vilevile. Kila mmoja alishusha pumzi alipomwona akifunga mizigo, na hakuna aliyempigia simu mwenzake kumwambia anampokea nani. Huo si utu, wala si kulinda jina la shule. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa mwalimu anayetumia cheo chake kumrubuni mwanafunzi kifungo kisichopungua miaka 10. Bunge liliona uzito wake. Ninyi mnaona mchango.

Na jamii yetu isijifiche nyuma ya walimu. Chifu anajua, mchungaji anajua, mama anajua ila amekatazwa kusema. Tunamthamini mtoto wa kike kwa bei ya mifugo halafu tunashangaa madawati yake kubaki wazi. Wanaume wenzangu wazee, mnapokaa kikao cha namna hiyo mnazika ushahidi, na aibu ni yenu.

Makosa mengine mnayajua na sitayaeleza kwa urefu. Vyeti vya kughushi. Kuwapa watahiniwa majibu ya mtihani. Kula pesa za shule. Kiboko, kilichopigwa marufuku tangu 2001 na kukatazwa tena na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ingawa bado nakisikia nikipita barabarani. Utoro wa wiki nzima. Acheni.

Lakini wako pia wanaosingiziwa, nami nawajua, na moyo wangu uko nao. Mwanangu uliyeonewa, sikia. Ukipokea barua ya kusimamishwa kazi, una siku 21 za kuandika utetezi wako. Usiitupe kabatini ukingoja mtu wa chama cha walimu, awe wa KNUT au KUPPET, akuandikie. Andika mwenyewe kwanza: tarehe, saa, ulikuwa wapi, nani alikuwepo, kitabu gani cha shule kina sahihi yako siku hiyo. Usimtafute mtoto, usiwapigie wazazi wake, usimtume mtu kwao hata kama una hakika wamedanganya. Safari hiyo moja itakuharibia utetezi wote. Siku ya kusikizwa, nenda, na uende na mashahidi wako.

Uamuzi ukikugeukia, zimo siku 90 za kuomba marejeo, yaani Tume iupitie upya uamuzi wake. Ombi la marejeo si mahali pa kulia kwamba una watoto na mkopo wa sacco. Tume inataka kuona ushahidi mpya ambao hukuweza kuupata mwanzoni, au kosa lililo wazi katika uamuzi wenyewe. Baada ya hapo, ikiwa hukusikizwa kwa haki, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwalimu wa namna hiyo akihitaji wakili, niiteni, na elfu yangu nitakuwa wa kwanza kuituma.

Mzee wenu, mwalimu mkuu mstaafu