Wazee wapewe nafasi ya kuuliza, si kubofya tu

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu, mstaafu wa miaka 74, kwenda kuhakikiwa pensheni. Tulipanda daladala mbili, tukakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kisha kijana wa dirishani akatuambia mtandao unasumbua, turudi kesho. Mama alikuwa na jambo moja tu: jina lake limekosewa herufi moja. Hakupata wa kumweleza.

Ndiyo maana kila ninaposikia huduma zinahamia mtandaoni, naukumbuka mji wa Reading, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Mwaka 1976, watu wa kawaida wakiwa hawajasikia habari ya intaneti, watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, katika kituo ambacho Red Burns alikuwa mmoja wa waasisi wake, waliunganisha vituo vitatu vya wazee kwa nyaya za runinga ya kebo. Kila kituo kilikuwa na kamera, kipaza sauti na runinga. Kioo kiligawanywa nusu kwa nusu: bibi wa jengo hili upande mmoja, mzee wa mtaa mwingine upande wa pili, wanaongea ana kwa ana ingawa wako mbalimbali. Aliyeshindwa kutoka nyumbani alitazama na kuchangia kwa simu. Viongozi wa mji na maofisa wa mafao ya uzeeni waliketi mbele ya kamera wakaulizwa maswali.

Lililonigusa zaidi ni kwamba wazee wenyewe ndio waliopanga vipindi, wakaviendesha na kushika mitambo.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Desemba 1977, kampuni ya Warner ilizindua QUBE, runinga ya kebo ya kujibizana na watazamaji, huko Columbus, Ohio. Ilisifiwa kuliko Reading. Mtazamaji alipewa kidude chenye vitufe vitano vya kujibia, akapiga kura akiwa kwenye kochi lake. Lakini maswali yalitungwa studio. Yeye alichagua jibu tu. Gharama zikawaelemea, na mwaka 1984 vipindi vya kujibizana vikasitishwa. Reading, fedha za utafiti zilipokwisha, wenyeji waliunda chombo chao, runinga ya jamii iitwayo BCTV, wakaendelea.

Sisemi vitufe havina kazi. Huko Spartanburg, South Carolina, miaka hiyohiyo, watu wazima waliokatiza sekondari walisoma nyumbani kwa kumjibu mwalimu wa runingani kwa vitufe. Kwa somo la hesabu inatosha. Kwa mama mwenye herufi iliyokosewa haitoshi, maana tatizo lake halimo kwenye orodha ya majibu.

Naomba wanaopanga mifumo yetu waweke kioo na kamera kwenye ofisi za kata, hata siku moja kwa wiki, na upande wa pili akae ofisa mwenye mamlaka ya kurekebisha faili hapohapo. Wastaafu waachiwe kupanga zamu na kuendesha kikao. Wamo walimu, wauguzi na makarani waliofanya kazi hizo miaka thelathini.

Mama yuko tayari kuwa wa kwanza. Nyaraka zake zimo kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati.

Msomaji wako,
Morogoro