Asante, kijana wa steshenari

Mdogo wangu wa steshenari pale Mbagala, hukutaka jina lako litajwe, basi silitaji, lakini shukrani utazipokea tu. Laini ya simu niliyosajilia barua pepe yangu ya Gmail ilishafungwa zamani, na kila nikijaribu kuingia, namba ya uthibitisho inatumwa huko huko. Wajanja wa mjini walitaka hela "wanifungulie". Wewe uliuliza tu: "Dada, ile kompyuta uliyokuwa ukiitumia ipo?" Tukaifuata nyumbani: kompyuta ile ile, kivinjari kile kile, intaneti ile ile, maana mfumo huvitambua. Nilipoandika neno la siri ukageuza uso (adabu hiyo adimu siku hizi). Tukaingia!

Hukuishia hapo. Ukanionyesha Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vyako, barua zote zikashuka katika faili la MBOX (faili moja linalobeba barua nyingi), tukazisoma kwa Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, bila bando. Za marehemu baba kutoka Muscat zimo zote, na picha zake. Zile namba 10 za akiba za Google, za kuingilia pale namba ya uthibitisho isipoweza kunifikia kwa simu, nimezichapisha. Kila moja hutumika mara moja tu.

Hata soda uliikataa. Mama anasema Ijumaa kuna pilau, na hapokei udhuru.