Apdeti za app za benki zinatupunguzia huduma

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hizi apdeti za app za benki maana sasa zimezidi. Mimi nina duka la vipuri, benki yangu juzi imeapdeti app yake, imejaa rangi na picha za watu wanacheka lakini ile sehemu ya kuhifadhi akaunti za watu unaowalipa kila wiki haipo tena, na statimenti ya PDF nayo imeondolewa, ukiitaka nenda tawini ukapange foleni! Eti "maboresho".

Wala si kwetu tu. Sonos, wale Wamarekani wa spika, Mei 2024 walitoa app mpya wakaondoa mpaka alamu, wateja wakawaka, mkurugenzi mkuu Patrick Spence akaomba radhi na Januari 2025 akaachia ngazi. Huku nani ashawahi hata kuomba radhi?

Mimi nashauri Benki Kuu iwabane hawa watu, kama kuna kitu kinaondolewa watutangazie angalau mwezi mmoja kabla, na app ya zamani waiache ifanye kazi mpaka hiyo mpya iwe na kila kilichokuwepo.

Mfanyabiashara,
Kariakoo, Dar es Salaam