Msikimbilie kutoa madini mazima kwenye meno kwa kutishiwa zebaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hii habari ya kutoa madini ya zamani kwenye meno, yaani ile dawa ya rangi ya fedha iliyozibia matundu, na kuweka dawa nyeupe, maana imeshika kasi kwelikweli na watu wanaumia mifuko na meno kwa pamoja. Kwenye magrupu ya watsapu inazunguka klipu ya mtu anasema ile dawa ya rangi ya fedha uliyozibwa zamani ina zebaki, ni sumu, inakula ubongo, itoe leo, na chini yake imewekwa namba ya kliniki ya kupiga. Mtu mwenye magego manne yaliyozibwa miaka ya tisini na hajawahi kusikia hata maumivu anaanza kukosa usingizi, anakopa hela vikoba, anaenda kuchokonolewa meno yote manne kwa mkupuo.

Mimi ni tabibu wa meno mstaafu, nimetumikia hospitali za serikali kanda ya ziwa na baadae Tanga, na hii amalgamu, ndio jina la hayo madini, naijua toka enzi tunaichanganya wenyewe. Ulikuwa unachukua unga wa madini, fedha na bati na shaba, unatia kwenye kinu kidogo cha kioo, unadondoshea zebaki, unasaga mpaka inakuwa kama uji mzito unaong'aa, alafu unaimimina kwenye kitambaa na kuikamua kwa vidole zebaki ya ziada itoke. Vidole vitupu, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Baadae zikaja kapsuli zilizopimwa kiwandani na mashine ya kuzitikisa, tukapumzika na kinu. Kwa uzito karibu nusu ya amalgamu ni zebaki, hilo ni kweli na wala halijafichwa na mtu, lipo kwenye vitabu vyote vya meno. Kwahiyo anayesema kwenye klipu kwamba kuna zebaki hajadanganya. Tatizo ni pale anapotoka hapo na kurukia kukwambia utoe leo.

Zebaki inayotajwa sana kwenye hizo klipu ni ile ya Minamata kule Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga maji machafu baharini, samaki wakabeba sumu, na ugonjwa wenyewe ukatambuliwa mwaka 1956, watu wakapooza na watoto wakazaliwa na ulemavu. Ile ilikuwa methili zebaki, inaingia kwa chakula na kujikusanya mwilini. Iliyopo kwenye jino imeshikana na fedha na bati, imekuwa gumu, na inachoachia ni mvuke kidogo sana, unaongezeka kiasi ukitafuna sana, ukinywa vya moto au kama una tabia ya kusaga meno usiku. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, mwezi wa tisa 2020 ilitoa ushauri kwamba wajawazito na wanaopanga kushika mimba, wanaonyonyesha, watoto hasa wa chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu, wenye figo dhaifu na wenye aleji ya zebaki wasiwekewe amalgamu mpya pale panapowezekana kukwepa. Lakini ushauri huohuo ukasema aliye nayo tayari na iko nzima asiitoe kama hakuna sababu ya kitabibu, kwasababu kuitoa kunaongeza mvuke kwa muda na kunakula sehemu ya jino ambayo bado ni nzima. Hii sehemu ya pili ndio inayokatwa kwenye klipu, na mimi inaniuma sana.

Maana tuongee kuhusu kutoa kwenyewe. Madini yaliyokaa kwenye gego miaka ishirini hayabanduki kama kigae, yanasagwa. Drili inazunguka kwa kasi, madini yanapata moto, na huo moto ndio unaotoa kwa muda mfupi mvuke mwingi kuliko unaotoka ukiwa unakula ugali wako kwa amani. Anayejua kazi yake anamwaga maji muda wote, anakata vipande vikubwa vikubwa avitoe badala ya kusaga kila kitu kuwa unga, anaweka raba nyembamba inayolitenga lile jino na mdomo mwingine, msaidizi kashika mpira wa kufyonza wenye nguvu pale pale jinoni, na dirisha liko wazi. Asiyejua anasaga kavu, mgonjwa anameza vumbi la kijivu, anatema kwenye sinki, na hapo kalipia ili aepushwe na zebaki!

Kingine ambacho mgonjwa haoni ni kwamba drili haisimami pale madini yanapoishia. Ukishatoa, lazima usafishe kingo, na kila ukisafisha tundu linapanuka. Jino lililokuwa na tundu dogo linakuwa na tundu la wastani, likibadilishwa tena baada ya miaka linakuwa kubwa, kuta zinabaki nyembamba, siku moja unatafuna mfupa wa kuku ukuta mmoja unaondoka. Likishafika hapo unaongelea kutibu mzizi na kuweka kofia ya jino, na kwa wengi wetu bei ya kofia hatuiwezi kwahiyo linang'olewa. Jirani yangu, mama wa makamo, alipita njia hiyohiyo. Aliambiwa kwenye kliniki moja ya mjini kwamba madini yake yote yameoza kwa chini kwasababu jino limekuwa la bluu bluu, hakupigwa hata eksirei, yakatolewa yote siku moja, na gego moja la chini likaanza kumpiga usiku mpaka akaja kugonga mlango wangu. Lilikuwa limechimbwa karibu kabisa na kiini. Sasa ile rangi ya bluu au kijivu inayoonekana kuzunguka madini mara nyingi ni madini yenyewe yameingia rangi kwenye jino, sio lazima iwe ni kuoza, na tabibu yeyote aliyesoma anajua hilo, anapaswa apitishe kifaa kwenye kingo aone kama pamelegea au pana shimo, apige picha, ndipo aseme neno.

Sababu za kweli za kubadilisha zipo na nitazitaja ili nisieleweke vibaya. Kama kingo zimeachana na jino na uozo umeingia, kama kipande kimevunjika, kama chakula kinanasa kila ukila, kama jino lina ufa na linauma ukiachia kung'ata, kama shavu au ulimi sehemu inayogusana na madini umetoka mabaka meupe yanayowasha, hapo badilisha na usichelewe. Hata urembo ni sababu, sikatai. Binti anayefanya kazi ya kuongea na watu na akicheka linaonekana jino jeusi ana haki ya kutaka jeupe, mradi kaambiwa ukweli kwamba atapoteza sehemu ya jino na kwamba jeupe nalo lina mambo yake. Mjamzito asubiri kwanza, kama hakuna uozo wala maumivu hiyo sio kazi ya kufanya na mimba.

Na mambo ya dawa nyeupe ndio hayasemwi kabisa. Kompositi, ndio hiyo dawa nyeupe, inataka jino kavu kavu kweli. Linapakwa asidi kwa sekunde kama kumi na tano hivi, linasuuzwa, linapulizwa, linapakwa gundi, gundi inapigwa taa ya bluu, ndipo dawa inawekwa kwa tabaka, kila tabaka lisizidi kama milimita 2 na kila moja linapigwa taa mpaka likauke, kwasababu ukijaza tundu zima kwa mara moja juu panakuwa pagumu na chini pamebaki laini, alafu yenyewe ikiganda inanywea kidogo na kujivuta kutoka kwenye kingo. Mate yakiingia katikati ya hayo yote, au damu ya fizi, gundi haishiki. Kwa macho litaonekana jino zuri linang'aa, utajipiga selfi, ila chini kuna upenyo na uozo unaanza upya bila wewe kujua. Amalgamu haina deko hilo, unyevu kidogo inavumilia, ndio maana ilitufaa sana sisi wa hospitali zenye umeme wa kukatika. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliotoka 2014 na kurudiwa 2021 ulikuta kompositi kwenye meno ya nyuma inafeli karibu mara mbili ya amalgamu, na sababu kubwa ni kuoza tena pembeni. Kwahiyo ukiona daktari kakuwekea nyeupe gego zima kwa dakika chache, mdomo umejaa mate, pamba imelowa na hajaibadilisha, jua umelipia rangi.

Ila simtetei zebaki, jamani. Huko tunakoenda ni kuachana nayo na mimi naunga mkono kwa moyo wote, maana nimekaa kanda ya ziwa nimeona wachimbaji wadogo wa dhahabu wakiichoma kwenye vikaango nyuma ya nyumba watoto wakiwa pembeni, hiyo ndio zebaki inayonitisha. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipitishwa 2013, ukaanza kazi 2017, Tanzania tukauridhia 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama walikubaliana amalgamu isitumike kwenye meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu akiona hakuna jinsi. Na mwezi wa kumi na moja 2025 kule Geneva wakakubaliana amalgamu iishe kabisa ifikapo 2034. Norway iliacha 2008, Sweden 2009, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuanzia Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalum za kitabibu. Yote hayo yanahusu kuacha kuweka mpya. Hakuna popote kwenye makubaliano hayo walipowaamuru watu wenye madini mazima mdomoni wakayatoe. Hii tofauti naomba kila mtu aishike.

Na kwa watoto wetu mbona dawa ipo tena imeanzia hapahapa kwetu! Katikati ya miaka ya themanini, chuo cha meno Dar es Salaam, mwalimu wa Kiholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono tu, bila drili, bila umeme, unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo chenye makali alafu unaziba. Baadae ikazibwa kwa glasi ayonoma, dawa ya rangi inayokaribia ya jino, inajishika yenyewe kwenye jino lenye unyevunyevu na inaachia floridi. Njia hiyo inaitwa ART, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994, na leo inafundishwa nchi nyingi duniani. Mwaka 2021 glasi ayonoma ikaingizwa kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Kwa tundu la upande mmoja wa jino inakaa vizuri, kwa tundu kubwa linaloshika pande mbili au tatu inachoka mapema, hilo nalo mzazi aambiwe. Sasa inauma kuona mtoto wa darasa la pili anapelekwa zahanati na tundu dogo anarudi kang'olewa kwasababu dawa ya kuzibia hakuna, wakati huohuo mjini watu wazima wanatozwa hela ndefu kutolewa madini ambayo hayana ubaya wowote. Bajeti ya halmashauri ikiweka glasi ayonoma na vile vijiko vya mkono kwenye kila zahanati yenye tabibu wa meno, tutaokoa meno mengi sana kuliko hizo klipu zote.

Kuna jambo la mwisho naliomba lifike wizarani na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwenye makabati ya hospitali za zamani bado zinaweza kuwepo chupa za zebaki ile ya kuchanganya kwa mkono, na mkataba ulishakataza daktari wa meno kutumia zebaki ya chupa. Hizo chupa zikusanywe kwa orodha, zisiachwe mtu akaziuza machimboni. Pia yale mabaki yanayotolewa midomoni yasimwagwe kwenye sinki wala yasichomwe na taka za hospitali, maana yakichomwa zebaki inapanda hewani. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, yaandikwe, yasubiri kuchukuliwa. Kama kliniki inatangaza kutoa madini, ikaguliwe kwanza: ina mpira wa kufyonza wenye nguvu, ina raba ya kutenga jino, ina kichujio cha kunasa mabaki kabla maji hayajaingia kwenye bomba? Isiyo navyo iondoe tangazo lake.

Na wewe Mhariri nakuomba ukurasa wako wa afya umwite daktari bingwa wa meno ajibu maswali ya wasomaji, hata kwa wiki mbili tatu mfululizo. Mpaka hapo, anayeambiwa madini yake yatolewe aulize mambo haya palepale kwenye kiti: pameoza wapi, nioneshe kwenye picha, usipoyatoa kitatokea nini, na mtatumia nini kuzuia mate. Akijibiwa kwa hasira au kwa haraka, ashuke kwenye kiti aende kwa mwingine.

Tabibu wa meno mstaafu,
Tanga